Sura ya Sita: Kikaango cha Mwisho wa Reli

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, miaka tisa tangu Wajerumani waanze kuijenga kutoka Dar es Salaam. Mzigo ambao baadaye uliipa Kigoma jina katika reli hiyo ni gunia la dagaa wakavu. Tabora wanamjua dagaa wa Kigoma, Dodoma wanamjua, na pale Kariakoo muuzaji akishasema "huyu wa Kigoma" hana haja ya kueleza kwa nini bei yake imepanda juu ya mafungu mengine. Watu wengi hawajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, lakini wamelila.

Kuna chakula kingine cha Kigoma ambacho reli haikukibeba, na sura hii ni ya chakula hicho. Ni mgebuka aliyetoka kwenye karai sasa hivi, ngozi yake ikivunjika kwa kidole. Ni dagaa wabichi waliomwagwa ndani ya mawese kabla jua halijawa kali. Ni muhogo uliochemshwa, ukakaangwa, ukapasuliwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili. Ukivifunga vitu hivi na kupanda navyo treni, kabla ya Uvinza vimekwisha kulegea, na ukifika Kaliua umebeba kitu ambacho mpishi wake asingekitambua. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kutosafiri huko ndiko kulikokipa chakula hiki utamu wake, na ndiko kulikokinyima sifa anayostahili kupewa mpishi wake.

Uingereza jambo hili lilikwenda kinyume. Samaki na chipsi, chakula kinachohesabiwa kuwa cha taifa zima kule, kilianza kuuzwa madukani kuanzia miaka ya 1860, London upande wa mashariki na katika miji ya viwanda ya Lancashire. Ustadi wa kumkaanga samaki ndani ya rojo la unga uliletwa na Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno. Viazi vilikuwa tayari chakula cha wafanyakazi wa kaskazini. Kilichovikutanisha viwili hivyo kikavifanya chakula cha kila mtaa ni barafu na reli. Meli za uvuvi ziliteremsha shehena Grimsby na Hull, samaki wakapakiwa katika barafu, na treni ikawafikisha Leeds au Manchester wangali wabichi. Kwa hiyo kila mji uliokuwa mbali na bahari ukapata samaki wake, karai lake na namna yake. Yorkshire walishikilia mafuta ya ng'ombe, na wengi wanayashikilia mpaka leo. Hull walianza kuponda viazi, kuvichanganya na majani ya seji, kuvifinyanga, kuvichovya rojoni na kuvikaanga, na chipsi zao wanazinyunyizia unga wa chumvi na paprika uliotungwa humo humo mjini.

Kigoma reli ilikuja, barafu haikuja. Treni ilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kukatisha nchi yenye joto, na samaki mbichi asingefika hata nusu ya njia. Kilichoweza kupanda ni kile tu kilichokaushwa. Siku hizi kuna majokofu, kuna mabasi na kuna barafu, na mgebuka mbichi anaonekana hata Dar es Salaam. Lakini kwa miongo mingi mpaka ulikuwa huo, na tabia ya jikoni ilijengeka ndani yake. Mkavu ni wa kusafirishwa. Mbichi ni wa wenyeji, na mbichi aliyebaki baada ya saa za asubuhi ni wa karai.

Ndiyo maana safari ya kukielewa chakula hiki inaanza mwaloni. Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ni mwalo wa samaki na pia gati la maboti ya mbao yanayokwenda Gombe, Kagunga na ng'ambo ya Kongo. Katonga na Ujiji ni upande wa kusini. Popote kati ya hapo, alfajiri ina shughuli moja: mitumbwi inarudi.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi na kuwachota kwa wavu wa mkono. Miaka ya 1950 ilileta taa za karabai na mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa boriti, wavu mkubwa ukining'inia katikati. Taa siku hizi ni za betri na sola, ila kanuni haijabadilika. Mwanga unawaita dagaa kutoka chini, dagaa wanafuatwa na migebuka wanaowala, wavu unapandishwa, na mara nyingi mlaji na mliwa wanaingia pamoja. Mbalamwezi ikiwa kali taa ya mvuvi haina nguvu, kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima. Hizo ndizo siku za kushona nyavu. Mwezi unatawala karai la Kigoma kwa namna ambayo hakuna karai la Leeds linaloijua.

Ziwa lenyewe linastahili kutajwa kwa vipimo vyake: urefu wa karibu kilomita 670, kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya oksijeni, hivyo uhai wa samaki tunaowala uko katika tabaka la juu tu. Dagaa wake wana nasaba na samaki wa baharini wa jamii ya sadini. Mgebuka ni mrefu, mwembamba, mweupe wa fedha; Bujumbura wanamwita mukeke na wamemfanya fahari ya mji wao. Kuhe ni mnene, mwenye nyama nene nyeupe, na katika jamii yake kubwa ya samaki, ile ya sato na perege, hakuna anayemzidi kwa umbo duniani kote.

Sasa karai. Mama anayekaanga mwaloni huanza na samaki kabla ya mafuta. Mgebuka hutumbuliwa, huoshwa, huchanjwa mikato ya mshazari pande zote mbili, hupakwa chumvi, kisha huachwa. Kuachwa huko ndiko wanakokosea wapishi wenye haraka. Samaki aliyelowa akitumbukizwa ndani ya mafuta huyapoza, hutoa mapovu mengi, hung'ang'ania chuma na kuacha ngozi yake chini ya karai. Aliyekaushwa kwa upepo kwa muda wa kutosha huingia akiwa na ngozi kavu iliyokaza, na mafuta yanamshika mara moja.

Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, maji yaliyo ndani ya samaki hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Mvuke huo ndio mlio tunaousikia. Wakati unatoka, mafuta hayana nafasi ya kuingia. Mlio ukianza kufifia, maji ya juu yamekwisha na mafuta yanaanza kutafuta njia ya kwenda ndani, na hapo ndipo mkaanga hodari anapoingiza mwiko wa matundu. Wapo wanaokaanga wakiwa wamegeuza uso, wanaongea na mteja, wanahesabu chenji, na hawakosei, kwa kuwa wanafuata sikio. Moto ukiwa mdogo mlio haufiki kiwango chake, na samaki huyo anakunywa mafuta tangu mwanzo. Utamjua kwa uzito wake mkononi na kwa karatasi inayolowa kabla hujafika nyumbani.

Nimewahi kuomba nifungiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nikupe wangapi?"

"Wawili, na mihogo ya elfu moja. Nifungie."

"Nikufungie wakalowe? Kaa hapo ule."

Alinisogezea ubao nikakaa nikala. Alichokisema ni kweli kwa kila kitu kilichokaangwa: mvuke uliobaki ndani unaendelea kutoka, na ukikosa pa kwenda unarudi kwenye ngozi na kuilainisha. Waingereza walifunga samaki wao kwa magazeti kwa vizazi vingi, nayo ni karatasi inayopumua. Sisi tulipita kwenye mfuko wa plastiki, mbaya kuliko vyote kwa kazi hii, mpaka ulipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Karatasi imerudi, na samaki wamenufaika.

Dagaa wabichi wanakaangwa kwa namna nyingine kabisa. Hawachanjwi wala hawatumbuliwi. Ni wadogo kiasi kwamba mtu hula kichwa, miiba na mkia kwa pamoja. Huoshwa, huchujwa, hutiwa chumvi, kisha humwagwa konzi kwa konzi ndani ya mafuta yenye moto mkali. Wakimwagwa wengi kwa mara moja hushikana bonge. Wakiingia kwa kiasi, kila mmoja anajikunja peke yake na kutoka mkavu. Tangu Novemba mpaka Aprili, mvua inapokatisha uanikaji, karai huwa pia mwokoaji. Dagaa aliyenyeshewa kwenye chanja au mchangani huharibika upesi, na mchuuzi asiyeona jua siku mbili mfululizo anajua hasara yake. Kukaanga kunamwondolea maji yale yale ambayo jua lingemwondolea, ndani ya dakika chache.

Lakini yote hayo, mlio na mikato na upepo, yangeweza kutokea Mwanza au Kisumu. Kinachoifanya Kigoma iwe Kigoma ni mafuta.

Mchikichi umeota katika mkoa huu kwa muda mrefu sana. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walilikuta soko lenye samaki wabichi na michikichi ikitoa mafuta yanayouzwa. Ukipanda kutoka ziwani kuelekea Mwandiga, Simbo, au vilima vya juu zaidi, unaiona pembeni ya nyumba, katikati ya migomba, kwenye mabonde yenye maji, mingi ikiwa haikupandwa kwa mistari na mtu yeyote. Mashada hukatwa, huachwa mpaka chikichi zijiachie zenyewe, huchemshwa ndani ya mapipa, kisha huingizwa kwenye mtambo wa pipa unaozungushwa kwa mikono, watu wakitembea kuuzunguka. Kinachotoka ni rojo jekundu. Huchemshwa tena mpaka maji yaondoke na mafuta yabaki juu. Kokwa zilizobaki hupasuliwa kupata mise, na hizo zina mafuta yake mengine, meupe, yanayopendwa na watengeneza sabuni. Tunda moja, mafuta mawili.

Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, ndiyo maana asubuhi ya baridi unaikuta chupa ina tabaka zito chini. Aina hiyo huvumilia moto. Haichachi upesi na haiharibiki haraka karaini. Madaktari wanatuonya tusiizidishe kwa ajili ya moyo na mishipa, na wako sahihi. Rangi nyekundu nayo inatokana na karotini, ile ile iliyopata jina lake kutoka kwa karoti na ambayo mwili huigeuza vitamini A, na mawese mabichi yana kiasi kikubwa cha karotini kuliko karibu kila chakula kingine. Mboga ya sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotiwa kijiko cha mawese ni chakula cha mtoto chenye maana.

Kwenye kukaanga mambo hayawi mepesi hivyo. Kabla ya kutia samaki, wapishi wengine huyaacha mawese motoni mpaka harufu yake kali ipungue na wekundu ugeuke manjano. Yanakaanga vizuri yakiwa hivyo. Lakini wanapoteza karotini nyingi, maana ndiyo iliyokuwa wekundu wenyewe. Wengine hawayaunguzi; wanakaanga yangali mekundu, kwa moto wa wastani, na samaki anatoka na rangi ya machungwa na ladha nzito inayobaki kwenye ulimi mpaka alasiri. Mimi niko upande wa hawa wa pili, hasa kwa dagaa. Kwa mgebuka, ambaye nyama yake ni laini na ina ladha yake, mawese yaliyopunguzwa harufu yanamtendea haki zaidi. Wenyeji hubishana juu ya hili kwa hoja nzito, na ubishi huo ni dalili ya jiko lenye afya.

Hata hivyo ukizunguka soko la Mwanga, mjini Kigoma, jioni ukatazama ndani ya makarai, mengi hayana mawese. Yana mafuta meupe ya dukani, yale yanayoganda kwenye ndoo za plastiki, ambayo watu huyaita korie hata yakiwa ya kampuni nyingine. Mengi ya mafuta hayo ni mafuta ya mchikichi pia, yaliyosafishwa mpaka yakakosa rangi na harufu. Yametoka Malaysia na Indonesia. Mchikichi ni mti wa Afrika; miche 4 ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na vizazi vya miche hiyo vikaenea. Shamba la kwanza la biashara huko Malaya lilipandwa mwaka 1917. Leo nchi hizo mbili hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mchikichi yote duniani. Kwa hiyo mafuta ya mti wetu yanavuka Bahari ya Hindi, yanateremshwa Dar es Salaam, yanapandishwa bara mpaka mwisho wa reli, na yanauzwa hatua chache kutoka kwa mama mwenye madumu ya mawese ya Simbo.

Jambo hili linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila anayekula. Muuzaji hana kosa. Mafuta yaliyosafishwa hupatikana mwaka mzima, hayana harufu, na mteja aliyetoka mkoa mwingine hayashangai. Mawese hupanda na kushuka bei kwa msimu. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliifanya michikichi ya Kigoma kuwa kazi ya serikali. Kituo cha Kihinga kikawa cha utafiti wa zao hilo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na miche ya Tenera ikaanza kusambazwa. Tenera ni chotara: mzazi mmoja ni Dura, yule wa kienyeji mwenye kifuu kinene, na mwingine ni Pisifera asiye na kifuu, hivyo tunda linakuwa na nyama nyingi na mafuta mengi. Kazi hiyo ni njema. Ila shabaha yake ni kupunguza mafuta yanayoagizwa, maana zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya nchi hutoka nje, na kiwanda kitakachoyasafisha mawese ya Kigoma kitayatoa yakiwa meupe kama yale ya ndoo. Mawese mekundu ya karai yatalindwa na wapishi na walaji peke yao.

Na kwa kuwa nimefika kwenye mafuta, niseme hili bila kuzunguka: mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi, yanayotoa moshi na povu lisilokwisha, yamwagwe. Yanaharibu chakula na yanadhuru mwili. Mteja ana haki ya kuchungulia ndani ya karai kabla ya kulipa.

Muhogo ni mwenzake samaki kwenye sinia. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno pwani ya Kongo, ukavuka msitu polepole mpaka ukafika ziwani. Sehemu kubwa ya muhogo wa Kigoma hulowekwa, hukaushwa, husagwa na kuwa ugali. Ule mtamu, usio na sumu ya kuhitaji kulowekwa, ndio unaokwenda karaini. Huchemshwa kwanza mpaka uanze kupasuka. Nyufa hizo ndizo zinazokuwa ganda baadaye, kwa kuwa mafuta hupata kingo nyingi za kukausha. Muhogo uliokaangwa bila kuchemshwa huwa mgumu nje na wa unga ndani.

Muhogo wa kukaanga ndio uliofanikiwa kusafiri. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, Agosti 1972, zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, na wengi wao, pamoja na Waasia waliotoka Kenya na Tanzania, walikaa Leicester na vitongoji vya London kama Wembley. Walikwenda na hamu ya muhogo wa kukaanga. Leo unauzwa humo kwa jina la mogo, wa chumvi na ndimu au wa kurushwa na pilipili na vitunguu saumu, na vijana wa Kiingereza wanaununua kama vitafunio vya jioni. Muhogo unaweza kukaa miezi ndani ya jokofu ukatoka ukakaangwa vizuri. Mgebuka hana uvumilivu huo.

Chumvi isisahauliwe. Uvinza, kilomita 100 na kidogo kwa reli kutoka Kigoma, ina chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Wachimbaji wa mambo ya kale waliukuta ushahidi wake ardhini. Chumvi ya Uvinza ilibebwa na kuuzwa pande zote za ziwa kabla msafara wa kwanza wa pwani haujafika. Samaki wa ziwani, mafuta ya vilimani, chumvi ya Uvinza: kabla ya muhogo kufika, nusu ya sinia hili ilikuwa tayari imekamilika.

Ujiji iliongeza ya kwake. Misafara ya karne ya 19 iliifanya mji wa mwisho wa njia ya kutoka Bagamoyo, na waliokaa waliupika mji huo kwa mkono wa pwani: sambusa, bajia, kaimati. Kutoka ng'ambo ya magharibi wakaja Wamanyema na sombe yao. Watalii huenda Ujiji kupatazama mahali pa mwembe ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871, wakapiga picha na kurudi hotelini Kigoma kula chakula cha kila hoteli. Ningewashauri wabaki mpaka magharibi ya Ramadhani, wakati kila kona ina jiko la mkaa na watoto wametumwa na sahani.

Chipsi mayai zimefika Kigoma kama zilivyofika kila mahali nchini, na wala sizidharau. Ni chakula kizuri cha usiku. Lakini banda la chipsi la Mwanga halina tofauti na la Sinza, Dar es Salaam, au la Nyegezi, Mwanza. Viazi mviringo vinatoka nyanda za baridi, mafuta yanatoka Asia, mayai mara nyingi ni ya kuletwa. Hakuna kitu cha ziwa humo. Kijana wa Kigoma anayempeleka mgeni kula chipsi kuku kwa sababu anaona samaki wa mwaloni ni chakula cha kawaida mno, anamnyima mgeni kitu ambacho hatakipata mahali pengine.

Hapa ndipo Waingereza wanapotushinda, na wanatushinda kwa kujivuna tu. Middlesbrough wana kuku aliyepondwa akawa bapa, akapakwa chenga za mkate, akakaangwa na kufunikwa sosi nyeupe na jibini. Wanamwita parmo na wanaubishania ubora wake kama timu ya mpira. Miji ya viwanda iliyo karibu na Birmingham ina chipsi zilizochovywa rojo la rangi ya machungwa, na mtu aliyehama miaka 30 bado anazitaja. Stonehaven, mji mdogo wa Uskoti, ulijulikana duniani kwa sababu miaka ya 1990 duka lake moja lilichovya chokoleti ya Mars kwenye rojo la samaki na kuikaanga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfikia mgebuka wa Kibirizi kwa ladha wala kwa historia. Lakini vimeandikwa, vimepewa majina, vimetetewa. Karai la Kigoma lina vyote isipokuwa mwandishi, na nimeiandika sura hii kwa sababu hiyo.

Ziwa lenyewe halina dhamana. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, na joto hilo linazuia maji ya chini yenye rutuba kupanda na kuchanganyika na ya juu. Chakula cha dagaa kinapungua, dagaa wanapungua, na migebuka nyuma yao. Nyavu nazo zimeongezeka. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mkaanga samaki asiye na samaki kwa miezi mitatu anabaki na karai, mkaa na deni la mafuta. Naunga mkono kufunga ziwa, kwa kuwa dagaa huishi muda mfupi na huzaliana upesi, na wakipewa nafasi wanaitumia. Lakini mipango ya kumsaidia mvuvi mwenye mtumbwi imfikie pia mama mwenye karai, ambaye hana leseni ya uvuvi wala jina katika daftari la mwalo, na ambaye mtaji wake wote hulala ndani ya dumu moja.

Atakayepanga safari aepuke miezi ambayo ziwa limefungwa, kisha ahesabu mwezi wa angani. Dagaa wabichi watafutwe usiku wa giza unapokuwa umepita, kati ya alfajiri na saa tatu. Migebuka hupatikana saa hizo hizo na wengine hubaki mpaka jioni. Siku za mbalamwezi aulize kuhe, anayevuliwa kwa ndoano na nyavu bila kungoja taa. Akatwe vipande vinene, akaangwe kwa moto wa wastani mpaka katikati, na aliwe kwa ugali wa muhogo, pilipili mbichi na ndimu.